Kuchagua Kitambaa cha Kushona: Nyuzi za Asili, za Viwandani na Mchanganyiko

Mshono unaweza kunyooka, kola ikakaa sawasawa, vifungo vikapangika vizuri, na bado nguo ikaishia kabatini kwa sababu kitambaa hakikufaa kazi ile. Blauzi inamganda mvaaji kwa jasho. Sketi imenywea baada ya kufuliwa mara moja. Suruali imeota vinundu vya nyuzi mapajani hata kabla haijachakaa. Hayo hayarekebishiki kwa cherehani. Yaliamuliwa pale kitambaa kilipokatwa kwenye jora.

Ukiuliza kipi bora kati ya pamba na poliesta, utapata majibu makali ya pande zote mbili, na kila upande utakuwa na hoja ya kweli. Mimi nashikilia utaratibu mmoja: tanguliza kazi ya nguo, fuata uzi, kisha angalia uzi huo umefumwaje. Ukienda kwa utaratibu huo, ubishi wa asili na viwanda hupungua sana, maana kazi yenyewe hukuonyesha uzi unaoifaa.

Hatua ya 1: Andika kazi ya nguo

Kabla hujagusa kitambaa chochote, chukua karatasi ujibu maswali machache. Nguo itagusa ngozi moja kwa moja, au itavaliwa juu ya nyingine? Mvaaji atatoka jasho? Itafuliwa kila ikivaliwa, kwa mkono au kwa mashine? Itakaa juani kwa muda mrefu, au karibu na moto? Unataka imwagike mwilini, au isimame na kushika umbo?

Halafu kuna swali ambalo wengi hulisahau: nani ataipiga pasi? Shati la kitani ni zuri kwa mtu anayependa pasi, na vilevile kwa mtu asiyejali mikunjo. Kwa mtu anayetaka kutoka amenyooka lakini hana muda wa pasi, ni mzigo, hata ungelishona kwa ustadi wote. Ukimshonea mtu mwingine, muulize hili waziwazi kabla hajanunua kitambaa.

Hatua ya 2: Zijue nyuzi zenyewe

Watu huzigawa nyuzi katika makundi mawili, ila kwa mshonaji ni afadhali kuzihesabu tatu. Kundi la kwanza ni nyuzi za asili: pamba na kitani kutoka kwenye mimea, sufu na hariri kutoka kwa wanyama. Kundi la pili ni nyuzi za viwandani ambazo malighafi yake kwa kawaida hutokana na mafuta ya petroli: poliesta, nailoni, akriliki na spandeksi (uzi unaovutika kama mpira). La tatu limekaa katikati: viskosi, ambayo wengi huiita reyoni, pamoja na ndugu zake modali na liyoseli. Hizi huanza kama selulosi ya mti, ikayeyushwa kwa kemikali, kisha ikasukumwa kwenye vitundu vidogo na kutoka ikiwa uzi. Kwa hiyo mtu akikwambia reyoni ni ya asili, au akakwambia ni plastiki, wote wawili wamekosea.

Tofauti kubwa kati ya nyuzi hizi ni jinsi zinavyohusiana na maji. Maabara za nguo huuacha uzi mkavu kwenye hewa ya selsiasi 20 au karibu na hapo, yenye unyevu wa asilimia 65, kisha hupima umenyonya maji kiasi gani ukilinganisha na uzito wake. Sufu hunyonya takriban asilimia 16, viskosi kama 13, kitani 12, hariri 11, pamba kati ya 7 na 8.5. Nailoni hufika karibu 4, akriliki kama 1.5, na poliesta 0.4 tu. Namba hizi zinafaa kukumbukwa kwa sababu zinaeleza mambo mengi kwa pamoja: kwa nini poliesta hukauka upesi ikianikwa, kwa nini gauni lake hunata kwenye soksi kwa umeme tuli, kwa nini jasho hubaki juu ya ngozi badala ya kunywewa na nguo.

Pamba ina sifa ambayo hutajwa kwa nadra: ikilowa huwa imara zaidi kuliko ikiwa kavu. Ndiyo maana huvumilia kusuguliwa, kulowekwa, hata kuchemshwa, na ndiyo maana shuka, taulo na nepi zimebaki kuwa za pamba miaka yote. Udhaifu wake ni kunywea, kukunjamana, kukawia kukauka na kuota ukungu ikihifadhiwa na unyevu. Ubora wa pamba hutegemea sana urefu wa nyuzi zake. Nyuzi fupi hutoa ncha nyingi juu ya kitambaa, na ncha hizo ndizo zinazosokotana zikawa vinundu. Ukikutana na pamba yenye mng'ao kidogo na rangi iliyokolea, huenda imepitishwa kwenye kostiki soda, njia iliyogunduliwa na Mwingereza John Mercer mwaka 1844. Baadaye wenye viwanda wakaongeza hatua ya kuivuta ikiwa bado ndani ya dawa, ndipo mng'ao ukapatikana. Pamba ya aina hiyo inastahili bei yake ya juu.

Kitani ni imara kuliko pamba na huwa laini zaidi kadiri inavyofuliwa. Kwa kuwa uzi wake hauvutiki karibu hata kidogo, ukikunjwa haurudi, na hapo ndipo mikunjo yake maarufu inapotoka. Usikandamize mkunjo mkali wa pasi mahali palepale kila mara, mathalani ukingo wa kitambaa cha meza, kwa sababu nyuzi hukatika kwenye mstari huo.

Sufu hudaka hewa kati ya nyuzi zake zilizojipinda, hivyo huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Juu ya kila uzi kuna magamba madogo sana. Maji ya moto, sabuni na msuguano vikikutana, magamba hayo hushikana na kitambaa husinyaa kikawa kigumu. Hakuna njia ya kukirudisha. Hariri nayo ni uzi mmoja mrefu wa mamia ya mita kutoka kwenye kifukofuko cha kiwavi, na urefu huo usiokatika ndio chanzo cha ulaini wake. Jua na jasho huichosha. Sufu na hariri zote zimejengwa kwa protini, kwa hiyo dawa ya kung'arishia yenye klorini huziyeyusha, na mabuu ya nondo huzila.

Viskosi naipenda kwa magauni kuliko karibu kitambaa kingine chochote cha bei ya kawaida. Inamwagika vizuri, inapitisha joto la mwili, na rangi zake hukolea. Ila ikilowa inapoteza sehemu kubwa ya nguvu, hata karibu nusu, kwa hiyo ifue taratibu, usiikamue kwa kuisokota, na usiivute ikiwa imelowa. Viskosi ilipatiwa hataza Uingereza mwaka 1892, na udhaifu huo wa maji ni miongoni mwa sababu zilizowasukuma wenye viwanda kuendelea kutafuta modali na liyoseli, ambazo huhimili kufuliwa vizuri zaidi.

Poliesta ya nguo ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Hainywei kwa urahisi, haikunjamani sana, haioti ukungu na huvumilia kuvaliwa miaka mingi. Tena huyeyuka kwa joto na kushika umbo inapopoa, kwa hiyo ukitaka sketi ya marinda ambayo marinda yake hayatatoka hata ikifuliwa mara nyingi, poliesta ndiyo kitambaa chako. Pamba itakulazimisha kuyapiga pasi marinda upya kila wiki. Upande wa pili, poliesta hung'ang'ania mafuta ya mwili, na harufu ya kwapa hukaa humo hata baada ya kufuliwa. Pia kila ikifuliwa hutoa vipande vidogo mno vya nyuzi vinavyoingia kwenye maji machafu na visivyooza upesi. Kuifua kwa maji baridi na kwa mzunguko mfupi husaidia kuvipunguza.

Nailoni ilitokana na kazi ya Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1935, na soksi zake zikaanza kuuzwa nchi nzima mwaka 1940. Hakuna inayoishinda kirahisi kwa kuhimili msuguano, ndiyo sababu inatawala kwenye mabegi, makoti ya mvua na nguo za kuogelea, lakini jua kali huidhoofisha. Akriliki huiga sufu kwa wepesi na joto, haidhuriwi sana na jua, ila hutoa vinundu mapema. Spandeksi, aliyoibuni Joseph Shivers wa kampuni hiyohiyo mwaka 1958, haitumiki peke yake. Asilimia 2 hadi 5 ndani ya suruali inatosha kumwezesha mtu kuchuchumaa bila kubanwa, na nguo za mazoezi huwa na 10 hadi 20. Klorini na pasi ya moto huimaliza.

Hatua ya 3: Tenganisha uzi na ufumaji

Wanunuzi wengi hupotelea hapa. Satini, shifoni, krepu, mahameli na gabadini si majina ya nyuzi. Yanaeleza jinsi kitambaa kilivyofumwa au kilivyomaliziwa. Kuna satini ya hariri, satini ya poliesta na satini ya pamba, na kwa macho zinaweza kufanana kabisa huku kimoja kikikuacha mkavu na kingine kikikutoa jasho. Muuzaji akikutajia jina la kitambaa, ongeza swali: ni cha nyuzi gani, na kwa asilimia ngapi?

Katika ufumaji wa kawaida, uzi wa mshindio, yaani ule wa upana, hupita juu ya mtande mmoja, yaani uzi wa urefu, na chini ya unaofuata. Hutoa kitambaa tulivu kinachokatika vizuri, na anayeanza kushona ashikamane nacho. Katika ufumaji wa mshazari, kama wa jinzi na kaki, utaona mistari midogo iliyolala upande. Ni mzito, imara, hauonyeshi uchafu upesi. Satini huacha nyuzi ndefu zimelala juu bila kufungwa, na hizo ndizo zinazong'aa, na hizohizo ndizo zinazonaswa na kucha au pete. Vitambaa vya vitanzi, vile vya fulana na sweta, havina mtande na mshindio. Ni uzi uliojipinda kitanzi ndani ya kitanzi, na huvutika hata kama havina spandeksi hata kidogo.

Kwa sababu hiyo, kauli kwamba pamba ni baridi na poliesta ni joto haiwezi kutosha. Kaki nzito ya pamba iliyobana itakuchosha kwa joto kuliko poliesta nyepesi iliyofumwa kwa nafasi. Uzi huamua jasho linakwenda wapi. Ufumaji huamua hewa inapita au haipiti. Uangalie vyote viwili.

Hatua ya 4: Kijaribu kitambaa kwa mikono kabla ya kulipa

Anza kwa kukikunja konzi moja, ukibane kwa sekunde kumi, kisha ukiachie. Mikunjo inayobaki ndiyo itakayokuwa mgongoni baada ya mtu kukaa saa moja.

Kishike juu kikining'inia ukikiinua kuelekea mwanga. Ukiona mwili wako kupitia kitambaa, kitahitaji bitana, yaani kitambaa cha kushonewa ndani ya nguo, na bitana huongeza gharama na kazi. Angalia pia kama nyuzi zimepangika sawa au kuna sehemu zilizolegea.

Kivute kwa urefu, kwa upana, kisha kwa mshazari. Kikirudi mahali pake, vizuri. Kikibaki kimetanuka, magoti na viwiko vya nguo hiyo vitavimba. Sugua pande mbili za kitambaa zikikutana kwa nguvu mara kadhaa. Kikianza kutoa manyoya hapo dukani, usitegemee kitatulia nyumbani. Kwaruza mtande na mshindio kwa ukucha, karibu na ukingo uliokatwa. Nyuzi zikisogea na kuacha upenyo, mishono itafunguka penye mkazo, hasa kwenye kwapa na makalio, kwa hiyo kitambaa hicho kifae nguo pana tu.

Rangi nzito, hasa nyekundu, buluu ya giza na nyeusi, ijaribu kwa kitambaa cheupe chenye maji: kisugue pembeni. Kikichafuka, kitambaa kinachuja, na usikiunganishe na cheupe katika nguo moja.

Jaribio la tone la maji ni la haraka ila lichukulie kwa tahadhari. Tone likizama mara moja, huenda ni pamba, kitani au viskosi. Likikaa juu, huenda ni poliesta, lakini pamba mpya yenye wanga au mafuta ya kiwandani nayo huweza kulikataa.

Hatua ya 5: Ukiwa na shaka, tumia moto

Lebo ikikosekana, kipande kidogo na kiberiti vitakujibu. Fanya hivi ukiwa juu ya sinki au sahani ya bati, maji yakiwa karibu, dirisha wazi, nywele zimefungwa, na watoto wakiwa mbali. Kata kipande cha upana wa kama sentimita 2 na urefu wa 5, kishike kwa kibano cha chuma, wala si kwa vidole, kisha kisogeze taratibu kwenye mwali.

- Pamba, kitani na viskosi hushika moto haraka na kuendelea kuwaka. Harufu ni ya karatasi iliyoungua, na jivu ni laini la kijivu linalopukutika.
- Sufu na hariri hujikunja zikikwepa moto, huungua polepole na mara nyingi hujizima. Harufu ni ya nywele zilizoungua. Kinachobaki ni kidonge cheusi kinachopondeka kwa vidole.
- Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu kisichopondeka.
- Nailoni huyeyuka na kudondoka, ikiacha kidonge kigumu cha rangi ya kijivu au kahawia.
- Akriliki huwaka kwa kasi huku ikiyeyuka na kurusha matone ya moto. Kuwa tayari kukitupia maji.

Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili zilizochanganyika: harufu ya karatasi pamoja na vidonge vigumu ndani ya jivu kwa kawaida humaanisha pamba na poliesta. Usiguse kilichobaki mpaka kipoe kabisa, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Sifa hiyohiyo ndiyo inayonifanya niwe mkali kuhusu vitu vya jikoni. Kishikio cha sufuria kisiwe na poliesta mahali popote, nje wala ndani wala kwenye kijazio. Tumia pamba nzito na kijazio cha pamba au sufu. Vivyo hivyo kwa aproni ya mtu anayepika kwenye moto wa wazi na kwa nguo za mchomeleaji vyuma.

Hatua ya 6: Oanisha kitambaa na mradi

Nguo za mtoto mchanga na za ndani: pamba ya vitanzi, laini, ikiwa na spandeksi kidogo tu kama umbo linadai. Shati na gauni la jua kali: pamba nyepesi, kitani au viskosi, uzito wa gramu 100 hadi 150 kwa mita ya mraba. Suruali huhitaji gramu 200 hadi 300, na jinzi halisi huzidi hapo.

Sare za kazi na za shule ndizo zinazonishawishi kuusifu mchanganyiko. Asilimia 65 za poliesta na 35 za pamba hutoa kitambaa kinachofuliwa kila siku bila kunywea, kinachokauka usiku mmoja, na kinachotaka pasi kidogo. Mvaaji akitoka jasho sana au akiwa na ngozi nyepesi kukereka, geuza uwiano, pamba iwe nyingi. Mchanganyiko una kasoro yake: nyuzi za pamba hukatika na kutokeza nje, halafu poliesta iliyo imara huzing'ang'ania zisidondoke, ndipo vinundu vinapobaki juu ya kitambaa kwa muda mrefu.

Nguo za mazoezi zinataka poliesta au nailoni ya vitanzi yenye spandeksi, kwa kuwa pamba ikishalowa jasho huwa nzito na hukaa hivyo. Hapa nyuzi za viwandani zimeshinda, na sioni sababu ya kulazimisha vingine. Mabegi, nailoni au turubai ya pamba. Mapazia ya dirisha linalopigwa na jua, poliesta au akriliki. Hariri itararuka yenyewe baada ya muda ukiiacha bila bitana.

Kuhusu bitana, nasisitiza. Mtu hununua kitani safi kwa ajili ya koti la kiangazi, halafu hulipachika bitana ya poliesta inayoziba hewa yote. Koti linabaki na mikunjo ya kitani na joto la plastiki. Weka bitana ya viskosi, ambayo huteleza vizuri juu ya shati na kupitisha unyevu. Na bitana yoyote utakayochagua, hakikisha inakubali kufuliwa sawa na kitambaa cha nje.

Hatua ya 7: Hesabu kiasi, kisha fua kabla ya kukata

Uliza upana wa jora kwanza. Mara nyingi ni karibu sentimita 115 au 150, na tofauti hiyo inaweza kubadilisha mahitaji ya gauni kwa zaidi ya nusu mita. Kitambaa chenye maua yanayoelekea upande mmoja, au chenye vinyweleo kama mahameli, huongeza mahitaji kwa sababu vipande vyote lazima vielekee upande mmoja.

Pamba, kitani na viskosi hunywea, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 5, na kitani au pamba iliyolegea inaweza kuzidi hapo. Usikisie. Kata mraba wa sentimita 20, uufue na kuukausha kama nguo itakavyofuliwa, upige pasi, kisha upime. Ukiwa sentimita 19 kwa urefu, umenywea asilimia 5, maana yake mita 3 zitabaki mita 2 na sentimita 85. Nunua ukijua hivyo.

Halafu fua kitambaa chote kabla mkasi haujagusa kitu. Shona kwanza kingo zilizokatwa kwa zigizaga ili zisifumuke ndani ya maji. Kwa pamba tumia joto lilelile ambalo nguo itafuliwa baadaye, si pole zaidi. Sufu isifuliwe kwa maji ya moto. Ipitishie mvuke wa pasi bila kuigusa, kisha iache ilale hadi ikauke. Poliesta tupu hainywei vya kukutia hasara, lakini suuza ili kuondoa dawa za kiwandani, ambazo pia huweza kufanya sindano iruke mishono. Kumbuka na zipu na utepe wa pamba: ukizishona bila kuzifua, zitanywea zenyewe na kuivuta nguo iliyotulia.

Hatua ya 8: Badilisha sindano, uzi na pasi kulingana na kitambaa

Sindano namba 70 ifae vitambaa vyepesi kama shifoni na hariri, 80 vya kati, 90 vizito, na 100 kwa jinzi. Vitambaa vya vitanzi vinadai sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husogeza nyuzi badala ya kuzitoboa. Poliesta na nailoni zilizofumwa kwa nyuzi nyembamba sana huitaka sindano mpya yenye ncha kali. Sindano butu ndiyo mara nyingi huleta mashimo na mistari ya nyuzi zilizovutwa.

Uzi wa poliesta wa ubora mzuri unashona karibu kila kitu, pamba ikiwemo, kwa sababu una mnyumbuko kidogo. Uzi wa pamba uutumie kwenye vitambaa vya pamba visivyovutika, hasa vinavyopigwa pasi ya moto sana. Kwenye fulana utakatika. Hapo tumia zigizaga nyembamba au overloki, mashine inayofunga kingo za kitambaa.

Vitambaa vinavyoteleza vikate tabaka moja moja, vikiwa juu ya karatasi, pini zikiwa ndani ya nafasi ya mshono ili matundu yasionekane. Mshono ukijikunyata, legeza mkazo wa uzi wa juu, fupisha kidogo hatua ya mshono, na kishike kitambaa mbele na nyuma ya mguu wa cherehani bila kukivuta.

Pasi ijaribiwe kwenye masalio kwanza. Nukta moja kwenye lebo ni joto la takriban selsiasi 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Akriliki na nailoni hukaa nukta moja; poliesta, hariri na sufu nukta mbili, pakiwa na kitambaa chembamba cha pamba katikati; pamba na kitani hufika tatu. Kitani kipige kikiwa na unyevu, kwani kikikauka kabisa mikunjo haitoki. Hariri ipige upande wa ndani bila kuinyunyizia maji, yasije yakaacha madoa. Sufu usiiburuzie pasi, ikandamize na kuinua. Na kwenye poliesta uhakikishe mkunjo umekaa mahali pake kabla ya kuushindilia, kwani ukishika kwa joto kali ni vigumu mno kuuondoa.

Upindo wa chini uwe kazi ya mwisho. Gauni la viskosi au lililokatwa mshazari litundike kwenye kiango kwa saa 24 kabla ya kulipinda, kwa sababu uzito wake utalivuta, na litashuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mvalishe mwenyewe viatu atakavyovalia, pima kutoka sakafuni kuelekea juu ukizunguka gauni lote, weka alama kwa chaki, punguza kilichozidi, kisha ushone.